Dhahabu ya harusini ioshe hivi ukiwa nyumbani, dawa ya meno iache bafuni

Harusi zetu za huku Zanzibar mnazijua. Siku tatu nne mfululizo mtu umevaa bangili, mkufu, kidani, herini, pete vidole viwili vitatu, umejipaka mafuta, umejifukiza udi, umejipulizia manukato juu ya manukato, umekula pilau kwa mkono, umecheza mpaka jasho limekutoka, alafu saa nane usiku unarudi umechoka hoi unavua vyote kwa pamoja unavitia ndani ya kile kikopo cha halua kabatini, unafunga, unalala. Miezi miwili baadae kuna harusi nyengine, unafungua kikopo, dhahabu imefubaa, imekuwa na rangi ya chai ya maziwa, jiwe la pete halioni mwanga. Na harusi ni kesho. Hapo ndo mtu anapokimbilia dawa ya meno, au ndimu, au jiki, na hapo ndo vitu vinapoharibika kikweli.

Mimi nilimharibia mama yangu bangili ya karati 22 namna hiyo, nilikuwa na miaka 19, nikaisugua kwa mswaki mgumu na dawa ya meno nikifurahi povu linatoka jeusi jeusi. Ikang'aa kweli siku ile. Ukiitazama juani leo utaona imejaa mikwaruzo myembamba kama nywele, na mikwaruzo haiondoki mpaka sonara aipige msasa, na akiipiga msasa dhahabu inapungua. Kwaiyo haya nnayoandika nimeyajifunza kwa gharama, na mengine nimeyapata kwa kukaa sana na masonara nikiwauliza maswali mpaka wakachoka.

Kwanza uelewe kwamba dhahabu yenyewe haishiki kutu. Unachokiona juu yake ni uchafu tu, mafuta ya ngozi, losheni, sabuni iliyokaukia, poda, jasho, moshi wa udi (ule moshi unanata, una utomvu ndani yake), na wenzangu wa singo na liwa mnajua ule unga unavyoingia ndani ya nakshi ukakaa humo miaka. Uchafu wa mafuta unaondoka kwa maji ya vuguvugu na sabuni na muda wa kutosha, nguvu haihitajiki hapo. Mtu akisha kulielewa hili, nusu ya kazi imekwisha.

Kabla ya yote tazama chapa. Ndani ya pete au kwenye kifungo cha mkufu kuna namba ndogo, chukua simu piga picha uikuze. 916 ni karati 22, 875 ni karati 21 ambayo inatoka sana Oman na Dubai, 750 ni karati 18, 585 ni 14 na 375 ni karati 9. Namba ile inakwambia katika sehemu elfu moja ngapi ni dhahabu, iliobaki ni shaba au fedha au madini mengine yaliyotiwa ili iwe ngumu. Karati ikiwa kubwa dhahabu ni laini zaidi, inapinda na kukwaruzika haraka. Karati ikiwa ndogo ni ngumu lakini ile shaba iliyomo ndo inayobadilika rangi ikikutana na jasho na kemikali. 925 ni fedha. Kama hakuna namba yoyote au unajua ni ya kuchovya, usiitie kwenye sabuni muda mrefu, ile dhahabu ya juu ni ngozi nyembamba mno, ipanguse tu kwa kitambaa chenye maji kidogo alafu kikavu, basi.

Sasa kuosha kwenyewe. Usioshe juu ya sinki wala chini ya bomba la maji, narudia, usioshe kwenye sinki, mana jiwe moja likichomoka au herini ikiteleza imekwenda na maji. Weka bakuli mbili juu ya meza, chini tandika taulo. Bakuli la kwanza maji ya vuguvugu, tumbukiza kidole, ukiona maji unayasikia raha kidoleni ni sawa, ukiona unataka kutoa kidole basi ni moto sana yaache yapoe. Tia matone mawili matatu ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, ile ya kawaida. Si sabuni ya unga, na sabuni ya kipande inaacha utando mweupe ambao utakutesa baadae. Tia vitu vyako vya dhahabu tupu humo uviache robo saa au dakika 20, vikiwa vichafu sana nusu saa, nenda kafanye kazi zako nyengine. Usirundike vyote pamoja lakini, bangili juu ya mkufu juu ya pete ya almasi, hapana, mana almasi inakwaruza kila kitu duniani ikiwemo almasi mwenzake.

Vikisha kulowana chukua mswaki laini kabisa, wa mtoto mdogo ndo mzuri, na uwe ni wa kazi hiyo tu usiwe umeshatumika na dawa ya meno. Piga pole pole, nenda na nakshi ilivyo. Kwenye pete yenye jiwe watu wanasugua juu ya jiwe wakati uchafu uko chini yake, geuza pete, piga mswaki kwa nyuma, kwenye yale matundu ambayo mwanga unapitia. Uchafu wa mafuta ukikaa pale nyuma jiwe linakufa hata liwe zuri vipi, na ukiutoa utashangaa. Mkufu usiusugue kwa kuuvuta, ulaze kiganjani upige mswaki kidogo kidogo.

Alafu suuza kwenye bakuli la pili, badilisha maji mara mbili mpaka hakuna utelezi. Na hapa kuna jambo ambalo sisi watu wa pwani lazima tuliangalie, maji yetu ya visima mengi yana chumvi na chokaa, ukisuuzia hayo yakakauka yanaacha madoa meupe juu ya dhahabu na mtu anadhani hajaosha vizuri anarudia tena. Suuza mara ya mwisho kwa maji ya kunywa au maji ya mvua, kikombe kimoja kinatosha. Maji machafu ya bakuli la kwanza ukitaka kuyamwaga yapitishe kwenye chujio la chai. Mimi nilishaokota kijiwe cha kipini hivo.

Kukausha, kanga ya zamani. Kanga mpya ina wanga na ni ngumu, lakini ile iliyofuliwa miaka mpaka imekuwa laini kama ngozi ya mtoto, ndo kitambaa bora kabisa cha dhahabu ambacho unacho ndani ya nyumba. Tishu usitumie, inanasa kwenye vikucha vinavyoshika jiwe na kuacha nyuzi nyuzi. Futa, tandaza juu ya kanga kavu uache saa nzima au zaidi mahali penye hewa, usivihifadhi ikiwa bado kuna maji ndani ya vile viduara vya mkufu.

Hayo ni ya dhahabu tupu, na almasi pia unaosha hivo hivo, hata yakuti, ni mawe magumu. Mawe mengine sivyo, na hapa nawaomba mnisikilize vizuri.

Tanzanaiti. Jiwe letu hili lilianza kujulikana 1967 kule Mererani, Manyara, na ndo sehemu pekee duniani linapochimbwa, lakini wengi tunalivaa kama vile ni almasi. Si gumu hivo. Kwenye ile mizani ya ugumu ambayo almasi ni 10, tanzanaiti iko kati ya 6 na 7, na vumbi la kawaida la nyumbani lina chembe za mchanga ambazo ni 7. Yani ukilifuta tanzanaiti vumbi kwa kitambaa kikavu unalikwaruza. Lisuuze kwanza kwa maji, ndo ulifute. Na linaogopa sana mabadiliko ya ghafla ya joto, ukilitoa kwenye maji moto ukalitia kwenye baridi linaweza kupasuka ndani kwa ndani. Mashine ya kuoshea inayotetemesha maji, ile mnayoiona inauzwa mitandaoni siku hizi, tanzanaiti usiiweke humo kabisa, wala mvuke. Maji ya uvuguvugu mdogo, sabuni, mswaki laini, dakika chache, mwisho.

Zumaridi nayo ni jiwe lenye nyufa za kuzaliwa nazo, na nyingi zinatiwa mafuta ndani ya zile nyufa ili zionekane safi. Ukiloweka kwenye maji moto na sabuni yale mafuta yanatoka na utaanza kuona nyufa ambazo hukuwahi kuziona. Ipanguse tu kwa kitambaa kibichi. Feruzi ni mbaya zaidi kwa sababu inakunywa, kila kinachoigusa kinaingia, mafuta, manukato, sabuni, na rangi yake ya samawati inageuka kuwa kijani. Akina baba wenye pete za fedha za feruzi, mkitaka kutia udhu vueni, msiwe mnaosha pete mara tano kwa siku. Ya akiki haina shida sana, akiki ni ngumu, ila hata yeye ukisha tia udhu kausha chini ya pete, mana maji na sabuni vikibaki pale ngozi inawasha na mtu anafikiri fedha imemkataa.

Lulu na marijani sio mawe, ni vitu vilivyotengenezwa na viumbe wa baharini, na kwa sehemu kubwa ni chokaa. Tindikali yoyote inavila. Ndimu inavila, siki inavila, ukwaju unavila, hata jasho likikaa sana linakula kidogo kidogo. Niliwahi kuona lulu za mtu zilizooshwa kwa ndimu, zimekuwa kama chaki, ule mng'aro wa juu umekwenda na haurudi tena, hakuna sonara wala fundi anaeweza kuurudisha. Lulu inavaliwa mwisho, ukisha maliza mafuta na poda na manukato yamekauka, na inavuliwa mwanzo ukirudi. Ukivua ipanguse kwa kitambaa laini kilicholowana kidogo tu, laza chini usitundike mana uzi unavutika. Usiloweke shada la lulu, maji yanaingia kwenye matundu na uzi unaoza ndani. Na zile lulu nusu zinazofugwa na akina mama wa Fumba, ambazo nyingi wanatengeneza herini na vidani vizuri sana, zile ndani zimejazwa na kubandikwa kwa gundi, kwaiyo nazo maji ya kuloweka hapana. Pete za fedha za Lamu zenye vipande vya kauri ya Kichina vya zamani, hivo hivo, panguseni.

Fedha. Fedha inageuka nyeusi na watu wanadhani wameibiwa, wameuziwa feki, lakini fedha halisi ndo inayofanya hivo. Inakutana na salfa iliyoko hewani, kwenye mayai, vitunguu, mpira, jasho, na inajitia utando mweusi. Kuna njia ya nyumbani nzuri sana ya kuutoa bila kusugua. Chukua bakuli la glasi au la udongo, tandika ndani karatasi ya foili ya jikoni, weka fedha juu yake iguse ile foili, nyunyiza kijiko kikubwa cha bekingi soda (ile laini ya kupikia keki, si magadi ya maharage) na kijiko kidogo cha chumvi, kisha mimina kikombe cha maji ya moto. Itachemka povu na utasikia harufu kama ya yai viza, usishtuke, ni ile salfa inaiacha fedha inahamia kwenye foili. Dakika mbili mpaka tano, geuza, toa, suuza sana, kausha. Ila njia hii ni kwa fedha tupu isiyo na jiwe, isiyo na lulu, isiyo na gundi. Na fedha ya kizamani, vikuku na vidani vya Kiomani ambavyo weusi umeachwa makusudi ndani ya nakshi ili maua yaonekane, usivitie humo kabisa, utavitoa vyote vimekuwa vyeupe pe, uzuri wake wote umekwenda. Vile futa sehemu za juu tu kwa kitambaa, bondeni kuache kulivyo.

Jiki niisemee peke yake. Klorini inashambulia yale madini yaliyochanganywa na dhahabu, hasa karati ndogo na dhahabu nyeupe, na haionyeshi kwa nje mwanzo, inakula kwa ndani kwenye viungio na vikucha mpaka siku moja kinavunjika chenyewe na jiwe limeanguka hujui wapi. Unapofua kwa jiki, unaposafisha choo, unapoogelea kwenye yale mabwawa ya mahotelini, vua. Bahari haina neno kubwa kwa dhahabu lakini maji yakiwa ya baridi vidole vinasinyaa pete inateleza yenyewe, na kilichoanguka kwenye mchanga ni sadaka. Na usichanganye jiki na dawa nyengine yoyote ya kusafishia eti kupata nguvu zaidi, ule moshi wake unaua mtu.

Kuna hili jengine limenikuta kwa jirani yangu, alikuja na pete ya dhahabu imegeuka nyeupe upande mmoja, kama imepakwa risasi, ameosha haitoki, analia anasema ameuziwa feki. Haikuwa feki. Alikuwa anatumia krimu ya kujichubua. Baadhi ya krimu hizi zina zebaki, na zebaki ikigusa dhahabu inashikamana nayo pale pale na kuifanya nyeupe. Ikikutokea usiiweke kwenye moto nyumbani ili itoke, ule mvuke wa zebaki ni sumu kubwa na hauuoni. Ifunge kwenye mfuko, mpelekee sonara umwambie wazi ni zebaki ili na yeye ajikinge. Na hiyo krimu dada yangu iache leo leo, kitu kilichoweza kuingia kwenye pete yako kwa usiku mmoja fikiria kinafanya nini kwenye figo zako.

Ule weusi unaobaki shingoni au kidoleni ni jambo jengine, mara nyingi ni poda, poda ina chembe ngumu zinazosaga dhahabu kidogo kidogo na ule unga wake ni mweusi. Jipake poda kwanza, ipanguse, ndo uvae mkufu.

Ukisha osha, kabla hujahifadhi, fanya ukaguzi. Tikisa pete karibu na sikio, ukisikia kimlio kidogo basi jiwe limelegea, usiivae mpaka ishikwe. Pitisha soksi ya nailoni ya zamani juu ya vikucha, ikinasa kuna kikucha kimenyanyuka. Tazama kile kiduara kidogo kinachounganisha mkufu na kifungo, pale ndo panapokatika, ukiona kimekuwa chembamba upande mmoja kipeleke.

Kuhifadhi, kile kikopo cha halua jamani tukiache kwa halua. Kila kitu kwenye kijifuko chake, hata ukishona mwenyewe kwa kanga kuukuu. Mkufu mwembamba upitishe ndani ya mrija wa soda, ufunge kifungo chake nje, hautojifunga mafundo tena. Ukiwa umeshajifunga, usiuvute, ulaze juu ya sahani, tia tone la mafuta ya mtoto kwenye fundo, kisha sindano mbili, unalegeza kutoka katikati kuelekea nje, taratibu, alafu unaosha. Fedha iweke kwenye mfuko wa plastiki unaofungika, toa hewa yote, na usifunge kitu chochote cha fedha kwa mpira wa kufungia pesa, mpira una salfa utakuta alama nyeusi pale pale ulipopita. Vile vipakiti vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya boksi za viatu msivitupe, huku kwetu hewa ni maji matupu, tia kimoja kwenye boksi la dhahabu na fedha. Kwenye lulu usitie, na lulu usizifungie kwenye plastiki, zinataka hewa zisikauke zikapasuka.

Mwisho ni pale kazi inapokuwa si yako tena. Dhahabu nyeupe ikianza kuwa na umanjano haijachafuka, ni ile rodiamu ya juu, madini meupe yanayochovywa juu yake ili ing'ae, imeisha, sonara ndo anaitia upya. Mikwaruzo mikubwa, bangili iliyopinda, jiwe lililolegea, mpelekee. Lakini pima kabla. Nenda nayo kwenye mizani, andika gramu na pointi zake zote, piga picha kila upande pamoja na chapa, na umuone akiandika uzito huo huo kwenye risiti. Mana kuna tindikali zinazoyeyusha dhahabu yenyewe, mtu anatia bangili humo sekunde kadhaa, inatoka inang'aa kama mpya unafurahi, na dhahabu yako imebaki kwenye beseni lake. Mimi bangili zangu nne zilirudi zikiwa nyepesi kwa gramu moja na nusu na sikuwa na karatasi yoyote ya kumuonyesha. Msasa kidogo unapunguza kidogo sana, gramu nzima haipungui kwa kuoshwa. Na wale wanaopita majumbani na vichupa wakisema wanaosha dhahabu hapo hapo mlangoni kwa bei rahisi, waambieni ishaoshwa.